Kumgawia Mtoto Kazi si Kumtafunia

"Watoto wa siku hizi wanataka kutafuniwa kila kitu." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye basi la watumishi linalotoka mjini asubuhi, nimeisikia kwa mama lishe hapa Mtumba, Dodoma, tukisubiri wali maharage, na mwezi uliopita nimeisikia kwenye kikao cha wazazi, ikitoka kwa mwalimu ninayemheshimu. Mzazi mmoja alikuwa ameuliza kistaarabu tu: kwa nini kazi mradi ya wiki nne isigawanywe, mwanafunzi akaonyesha kidogo kila wiki? Mwalimu akatabasamu. Akasema mwanafunzi wa kidato cha tatu ameshakua, ajipange mwenyewe. Akizoea kugawiwa leo, chuo kikuu atamgawia nani? Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa adabu. Leo nataka kuyarudisha makofi yale.

Hoja ya mwalimu si ya kipuuzi. Ndani yake kuna hofu ya kweli, kwamba tunalea vijana wasioweza kusimama bila kushikwa mkono, wanaokariri nukuu za ubaoni na kuzimwaga kwenye mtihani kama zilivyo. Hofu hiyo ninayo pia. Ninachoikataa ni dawa yake. Mwalimu anaamini kwamba ukimtwisha kijana mzigo mzima ataota misuli. Ninachokiona mimi kila muhula ni kwamba anaukwepa mpaka usiku wa mwisho, kisha anaomba daftari la mwenzake anadesa. Tunaita uvivu, tunalala tukiwa tumeridhika na jina hilo.

Kutafunia ni kitenzi kimoja na kugawia ni kingine. Anayekutafunia anafaidi utamu na kukuachia makapi umeze. Anayekugawia anakukatia tonge linaloingia mdomoni. Kutafuna kunabaki kazi yako. Wakulima wana neno lao zuri: ngwe. Kibarua haambiwi "kalime shamba lile" halafu mwenye shamba akaondoka mpaka mwisho wa msimu. Anapimiwa ngwe, anaonyeshwa pa kuanzia na pa kumalizia, na jembe ni lake na jasho ni lake. Sijapata kumsikia mwenye shamba akilalamika kwamba kumpimia mtu ngwe ni kumdekeza. Neno lenyewe tumelipeleka kwenye siasa, tukasema ngwe ya pili ya uongozi, na kwenye mpira, tukasema ngwe ya lala salama. Darasani halijafika.

Na wanaobeza kugawa kazi wanabeza wakiwa wapi? Mtumba, kwenye Mji wa Serikali! Na historia ya mji huu inawasuta.

Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ilikusudiwa kazi ile ichukue miaka kumi. Mpango mkuu wa mji ukachorwa na kampuni ya Kanada, ukatoka 1976, wa kupendeza kweli kweli kwenye karatasi. Miaka kumi ikapita, ikapita ishirini, ikapita thelathini. Bunge likawa linakutana Dodoma na wizara zikabaki Dar es Salaam, na "tunahamia Dodoma" ikawa kauli ya aina ile ya mwanafunzi anayesema "naianza kesho". Sababu zilikuwepo, ya kwanza ikiwa fedha: kulikuwa na vita na Idi Amin, kukawa na ukata wa miaka ya 1980. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba ile ilikuwa asainmenti kubwa kuliko nyingi ambazo nchi hii imewahi kujipa, waliokabidhiwa walikuwa watu wazima, wasomi, wenye bajeti na madereva, na ilikaa miaka arobaini na tatu. Hakuna aliyesema walitaka kutafuniwa.

Ilipokuja kufanyika, ilifanyika kwa ngwe. Rais John Magufuli alitangaza Julai 2016. Septemba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Wizara zikafuata kwa makundi, viongozi kwanza, watumishi wengine baadaye. Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akahamia Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Hapa Mtumba, palipokuwa mashamba na vichaka, hawakuanza na maghorofa. Walianza na majengo madogo ya ofisi, kila wizara na lake, yakasimamishwa kwa miezi michache, na Aprili 13, 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa. Maghorofa yalikuja awamu ya pili, watu wakiwa tayari kazini. Mtu ataniambia kwamba hata mpango wa zamani ulikuwa na awamu zake kwenye makabrasha. Ulikuwa nazo, na hapo ndipo penye somo: awamu isiyo na tarehe wala mtu wa kuja kuikagua ni pambo la kabrasha. Nitalirudia hilo nikifika kwa mwalimu.

Mzazi aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, aliyekaa kushoto kwangu, anajenga Ihumwa. Namjua, tunapanda basi moja. Alinunua kiwanja akapumzika. Akaleta mawe. Akamwaga msingi, akapumzika tena, mvua mbili zikapita juu yake. Akanyanyua boma, akafunga lenta, na sasa anahangaikia bati. Fundi wake hamlipi kwa mkupuo: anamlipa kwa hatua, na kabla ya kutoa hela anashika timazi mwenyewe aone kama ukuta umenyooka. Ofisini kwake anaandika mpango kazi na taarifa ya robo mwaka, na mkandarasi hapati malipo mpaka hatua aliyoidai imekaguliwa na kusainiwa. Mtu huyu, ukimwambia ajenge nyumba nzima mwezi huu na aikabidhi Ijumaa saa mbili asubuhi, atakuuliza kama umeamka salama. Halafu jioni anarudi nyumbani, anamkuta mwanawe amekodolea macho swali la mistari miwili na karatasi tupu, na anasema: kijana hajitumi.

Nina ushahidi wa mezani kwangu. Mpwa wangu anakaa kwetu, anasoma shule ya kata, kidato cha tatu. Jumapili moja saa tatu usiku nilimkuta na kauntabuku. Kichwa cha kazi alikiandika kwa kalamu nyekundu na kukipigia mstari kwa rula mara mbili. Chini yake kulikuwa na neno moja la Kiingereza, lenye maana ya utangulizi, nalo limepigiwa mstari. Baada ya hapo ukurasa mweupe. Walitakiwa kuchunguza upatikanaji wa maji katika mtaa wanaoishi na kuandika ripoti ya kurasa kumi. Walipewa wiki nne. Zilikuwa zimebaki mbili.

"Mjomba, umefika wapi?" nikamuuliza.

"Bado natafuta pa kuanzia, mjomba."

Wiki mbili anatafuta pa kuanzia. Na hakuwa amelala. Alikwenda kuulizia kitabu shuleni, hakukipata. Aliazima simu ya mama yake mara tatu, akaletewa habari za maji za nchi ambazo hajui hata ziko upande gani. Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza mgongo. Nikamuuliza: mtu akikusimamisha sasa hivi akataka kujua maji ya hapa kwetu yakoje, utamjibu nini? Akajibu bila kufikiri, siku nyingine yanatoka, siku nyingine hayatoki, na yakitoka foleni inafika kwenye mwarobaini. Umejuaje? Akacheka. Anajua kwa sababu yeye ndiye anayechota. Ukurasa wake wa kwanza alikuwa nao kichwani tangu siku alipopewa kazi. Hakujua kama unahesabika.

Tukachora visanduku nyuma ya kalenda. Cha kwanza kilikuwa kidogo mpaka nikaona aibu kukichora: andika maswali matano ya kumuuliza mtu bombani. Cha pili, waulize watu kumi. Cha tatu, panga majibu kwenye jedwali. Vikaendelea hivyo mpaka cha kusoma kazi nzima kwa sauti. Jumanne akaenda bombani na daftari. Watu sita wa kwanza walilijibu swali lake la kwanza, "Maji yanapatikana?", kwa neno moja: yanapatikana. Wa saba alikuwa mama mmoja anayekunja ngata. Akamtazama, akasema, "Mwanangu, usiniulize kama yanapatikana. Niulize yanapatikana saa ngapi." Saa tisa za usiku. Kijana alirudi nyumbani mbio, akafuta swali, akaandika jingine, kesho yake akaanza upya na watu kumi wengine.

Nataka mwalimu wangu asimame hapo kidogo. Kazi hiyo ingefanywa yote usiku wa mwisho, swali bovu lingeingia kwenye ripoti na ripoti ingesema kwamba watu wote waliohojiwa wanapata maji. Mimi sikumtafunia swali zuri. Hata mimi sikuwa nimeliona. Kilichomsaidia ni kwamba alikosea Jumanne na bado kulikuwa na Jumatano. Kazi ikikabidhiwa mara moja tu, mwishoni, kosa la kwanza la mwanafunzi ndilo linalosahihishwa, na linasahihishwa likiwa limeshakauka.

Kuna ngwe nyingine ambayo sisi tuliokwisha soma hatuioni, kwa kuwa tumeshaivuka. Mtoto huyu alisoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Sekondari akakutana na Kiingereza kwenye karibu masomo yote. Mama wa ngata hakuongea Kiingereza. Aliongea Kiswahili chenye Kigogo ndani yake. Kwa hiyo kijana alitakiwa kuuliza kwa lugha moja, kusikia lugha mbili, kuchambua, kutafsiri, kisha kutunga kurasa kumi kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Kwenye karatasi ya mwalimu hiyo ni kazi moja. Mezani petu zilikuwa tano, na nne hazikutajwa. Tulipozitaja tu, tukakubaliana aandike kila kitu kwa Kiswahili kwanza halafu atafsiri kurasa mbili kwa siku, uso wake ulibadilika. Sikumpunguzia hata neno. Ningeweza kukaa hapa mpaka kesho, maana naamini nusu ya kile tunachokiita uvivu wa wanafunzi wa sekondari nchini ni tafsiri isiyotajwa. Lakini tuendelee.

Kwa wanaotaka utafiti, upo, na una umri mkubwa kuliko walimu wengi wa leo. Mwaka 1981 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Bandura na Dale Schunk, walichukua watoto wa shule ya msingi waliokuwa dhaifu na wasiopenda hesabu za kutoa. Wakawapa kurasa 42 za mazoezi, vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa sita kila kipindi. Jingine likaambiwa lilenge kumaliza zote 42 ifikapo kipindi cha saba. Wengine hawakupewa lengo. Piga hesabu mwenyewe: sita mara saba ni arobaini na mbili. Hakuna aliyepunguziwa swali. Kundi la sita sita lilielewa zaidi na likajiamini zaidi. Na walipoachiwa wachague wenyewe cha kufanya, ndio waliorudi kwenye hesabu za kutoa kwa hiari kuliko wengine. Waliopewa lengo la mbali hawakuwazidi kwa lolote la maana wale wasio na lengo. Hiyo "kujituma" tunayoililia ilikuja baada ya watoto kuona kwamba wanaweza, na walioiona ni waliopimiwa.

"Chuo kikuu atamgawia nani?" Haya, twende chuo kikuu. Dodoma hatuna uhaba wa vyuo. Pita kwenye steshenari za jirani na chuo chochote nchini wakati ripoti za utafiti zinadaiwa. Utakuta vijana walioachiwa wajipange wenyewe tangu kidato cha kwanza. Wamejipanga foleni. Kuna bei ya propozo na kuna bei ya ripoti nzima. Wanaoandikiwa wengi hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba utafiti hauanzi na sura ya kwanza, na walitambua hilo bumu likiwa limeisha na msimamizi hapokei simu. Siku hizi akili mnemba imeshusha bei, ila foleni ya usiku wa mwisho ni ileile, imehamia kwenye simu.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wawili, huko Kanada, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema 34. Walitumia zaidi ya 55. Hao walikuwa wanafunzi wazuri, wenye maktaba na umeme usiokatika. Binadamu akiitazama kazi kubwa nzima nzima huiona ndogo, na hupotelea humo. Kwa hiyo ukiniuliza chuoni atamgawia nani, nitakujibu: atajigawia mwenyewe, ikiwa kuna mtu aliwahi kumwonyesha jinsi ya kugawa. Mgeni rasmi wa mahafali hamwonyeshi. Yeye husema "someni kwa bidii", akaongeza bandu bandu huisha gogo, akapigwa picha, akaondoka. Kijana anabaki na gogo na shoka, hajui abandue upande gani.

Hoja moja inanitoa jasho, nayo hailetwi na wanaopiga makofi, inaletwa na walimu wanaochoka. Mwalimu ana mikondo minne, kila mmoja wanafunzi sitini. Hayo ni madaftari 240. Akiyapokea mara nne badala ya mara moja, atalala saa ngapi? Ni kweli, na anayemjibu kwa kumwambia ajitolee hajawahi kubeba rundo la kauntabuku kwenye bodaboda. Lakini kukagua si lazima kuwe kusahihisha. Mzazi wa Ihumwa hashiki timazi kwenye kila tofali. Wiki ya kwanza mwalimu anaweza kuomba kitu kimoja tu, maswali matano, wanafunzi wakabadilishana na jirani, yeye akapita kati ya madawati na kusaini. Kipindi kimoja kinatosha. Wiki ya pili, jedwali, hivyohivyo. Siku ya mwisho atasoma ripoti 240, kama ambavyo angezisoma vyovyote vile, isipokuwa sasa hazitakuwa ripoti sita zilizonakiliwa mara arobaini. Na ile saini ya wiki ya kwanza ndiyo niliyosema hapo juu kwamba inatofautisha awamu na pambo.

Nakiri pia kwamba kuna kugawa kunakoua. Nimeona kazi iliyokatwakatwa mpaka mwanafunzi anajaza nafasi zilizoachwa wazi, neno hapa, tarehe pale, na kufikiri kote kumefanywa na aliyetunga karatasi. Huko ndiko kutafunia, na hapo niko upande wa mwalimu wangu. Mafundi wanaomwaga zege kwenye maghorofa ya hapa jirani wanaijua tofauti. Wanasimamisha mirunda chini ya zege bichi, msitu mzima wa mirunda, mpaka zege likomae. Likikomaa wanaing'oa, wanaipeleka ghorofa ya juu. Hajatokea fundi wa kusema tumwage bila mirunda ili zege lijifunze kusimama. Wala hajatokea wa kuiacha chini ya sakafu milele. Kidato cha kwanza mwalimu achore visanduku vyote. Cha pili achore nusu. Cha tatu mwanafunzi avichore mwenyewe na kuvileta vikaguliwe kabla hajaanza. Cha nne asiulizwe.

Hili haliwezi kusubiri, kwa sababu kazi za namna hii zinaongezeka. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, vinataka umahiri: mwanafunzi atende, achunguze, awasilishe. Naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hata mtaala wa 2005 ulisema umahiri, na miaka yote hiyo mpwa wangu na wenzake wameendelea kupewa swali la mistari miwili na tarehe ya mwisho. Kubadilisha kitabu bila kubadilisha namna ya kutoa kazi ni kuongeza idadi ya usiku wa mwisho. Mwalimu anayesoma hapa, na najua wapo, kabla hujaandika ubaoni kazi ya muhula ujao, ongeza mstari wa tatu: Ijumaa hii nileteeni nini.

Mpwa wangu alikabidhi siku mbili kabla. Ripoti ilikuwa na kurasa nane, jedwali moja, na mama wa ngata katika aya ya pili. Alipata 15 kwa 20. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu aliandika kwamba kurasa hazikutimia kumi.